MAMBO YA NCHI ZA MBALI: Wazee Wasafirio na Nyumba Zao Katika Jangwa la Marekani

Kila mwaka, mwezi wa Oktoba unapokwisha na baridi kuanza kushuka katika majimbo ya kaskazini ya Marekani, huonekana katika barabara kuu za nchi hiyo jambo ambalo mgeni hulitazama kwa mshangao. Nyumba hutembea. Zinakwenda moja baada ya moja kuelekea kusini-magharibi, zina madirisha na mapazia, zina jiko na kitanda, na penye usukani ameketi mzee mwenye mvi, mkewe kando yake akiangalia ramani. Watu wa huko huwaita wazee hao ndege wa theluji, kwa sababu huikimbia theluji kama ndege wahamao, na baridi ikiisha hurudi walikotoka.

Waendako ni nchi ya ukame: majimbo ya Arizona na New Mexico, kusini mwa Nevada, na pembe ya kusini-mashariki ya California. Mkulima ataielewa nchi hiyo upesi akiambiwa kipimo cha mvua yake. Mji wa Tucson hupata kama inchi 11 kwa mwaka mzima, Phoenix hupata kama inchi 7, na Yuma hupata inchi 3 tu. Lakini katika mwezi wa Januari jua la huko ni la upole, mbingu ni safi, na mzee ambaye kwao angekuwa akipiga sepetu kuondoa theluji mlangoni, huko huketi nje akinywa kahawa bila koti.

Hata hivyo jua si sababu peke yake. Wengi wanaoifuata njia hiyo hufuata pia damu yao. Katika mwaka wa 1950 mji wa Phoenix ulikuwa na watu kama 107,000. Katika hesabu ya mwaka 2020 walikuwa wamezidi 1,600,000. Umati huo haukuota ardhini kama uyoga. Wengi wao walitoka majimbo mengine kutafuta kazi, na nyuma yao waliacha wazazi. Basi mzazi afanyeje, ikiwa mwanawe mmoja yuko Tucson, wa pili yuko Albuquerque, na wajukuu wanakua bila kuijua sauti ya babu ila kwa simu?

NYUMBA YENYEWE

Nyumba hizo za magurudumu ni za namna nyingi. Nyingine ni motakaa yenyewe, kubwa kama basi, ambayo dereva akiinuka kitini mwake yuko sebuleni. Nyingine ni karavani ivutwayo na gari la mizigo. Mwenyewe akifika huifungua na kuiacha mahali pake, kisha huenda sokoni kwa gari lake. Bei zake hupitana sana. Kuna wazee walionunua iliyochakaa kwa fedha kidogo wakaitengeneza kwa mikono yao, na kuna wengine ambao nyumba yao ya magurudumu ina thamani kuliko ile waliyoiacha nyuma.

Chini ya sakafu mna matangi matatu, na mtu asiyeyafahamu matangi hayo haifahamu safari. La kwanza ni la maji safi, aghalabu galoni 40 hata 100. La pili hupokea maji yaliyoogewa na kuoshewa vyombo. La tatu ni la choo. La kwanza likijaa ni furaha. La tatu likijaa safari husimama, maana sheria haimruhusu mtu kumwaga uchafu popote apendapo, ila mahali palipowekwa kwa kazi hiyo. Kwa hiyo mtu aliyeishi miaka 70 akifungua bomba bila kufikiri, hujifunza uzeeni kuoga kwa maji kidogo, kulifunga bomba wakati wa kupiga mswaki, na kupangusa mafuta ya sahani kwa karatasi kabla ya kuiosha. Juu ya paa huwekwa vioo vya kuvuta nguvu za jua ili kuzitia betri umeme, na gesi ya mtungi hupika chakula.

Safari zenyewe haziendi mbio. Nyumba kubwa huweza kuteketeza galoni nzima ya petroli kwa mwendo wa maili 6 hata 10, na upepo wa jangwani huisukuma ubavuni kama tanga. Wasafiri wenye busara hawapendi kupita maili 200 au 300 kwa siku, nao hutafuta mahali pa kulala jua lingali juu, kwani kuegesha nyumba gizani ni kutafuta hasara.

MGENI SIKU MBILI

Kwa desturi ya Wamarekani wengi, mtoto akioa au akiolewa huwa na nyumba yake, wala wazazi hawahamii humo. Wazee wengi huogopa kuwa mzigo kuliko wanavyoogopa upweke. Kwa watu wa namna hiyo nyumba ya magurudumu imekuwa jawabu la katikati. Mzee huja kukaa na wanawe bila kuingia ndani ya nyumba yao. Huegesha uani, huvuta waya wa umeme kutoka katika banda la gari, na usiku hulala katika kitanda chake mwenyewe. Mkaza mwana hana haja ya kutandika kitanda cha wageni wala kungojea zamu ya bafu asubuhi. Na mjukuu akiamka huvuka ua na nguo zake za kulala, akagonga mlango wa babu na kuomba chai.

Waswahili husema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wazee hawa hawangoji kupewa. Siku ya tatu utamwona mzee yuko juu ya ngazi akitengeneza mfereji wa paa, au amelala chini ya gari la mkwewe akifungua nati. Bibi naye huketi na wajukuu huku wazazi wao wako kazini, na fedha ambazo zingelipwa kwa mlezi hubaki mfukoni. Wafikao New Mexico mapema, katika mwezi wa Septemba, huwakuta watu wa huko wakichoma pilipili mpya katika mapipa ya wavu yazungushwayo juu ya moto wa gesi, na harufu yake hujaa mtaa mzima. Jamaa hununua gunia, wakamenya pamoja mezani, wakaziweka katika barafu za kutosha mwaka. Ni kazi ya mikono mingi, na mikono ikifanya kazi midomo huzungumza.

Alhamisi ya nne ya Novemba ni sikukuu ya kushukuru, ambapo jamaa hukusanyika kula bata mzinga. Wakati wa Krismasi, katika miji ya New Mexico, watu hupanga juu ya kuta na kando ya njia mifuko ya karatasi yenye mchanga, na ndani ya kila mfuko mshumaa. Mtoto aliyeiwasha mishumaa hiyo pamoja na babu yake hasahau.

Lakini si kila mtaa unaowapokea. Vyama vya wenye nyumba katika mitaa mingi vimetunga kanuni za kukataza nyumba ya magurudumu isisimame mbele ya nyumba kwa siku nyingi, kwa kuwa majirani huona inaharibu sura ya mtaa. Tena kuna kanuni nyingine isiyoandikwa, nayo ni kuondoka kabla ya kuchokwa. Mkwe akianza kuuliza kwa adabu kama barabara za kusini ni nzuri wakati huu, mzee mwenye masikio hufahamu.

MJI WA NGAMIA

Basi kati ya ziara moja na nyingine wazee hawa hukaa wapi? Wengi hukaa katika ardhi ya umma, ambayo ni kubwa mno katika majimbo hayo. Sehemu nyingi za ardhi hiyo mtu huruhusiwa kupiga kambi bure kwa siku 14, kisha hana budi kusogea. Na karibu na mji mdogo wa Quartzsite, katika Arizona, serikali imetenga mahali ambapo mtu akilipa ada huweza kukaa tangu tarehe 15 Septemba hata tarehe 15 Aprili. Mji huo ulihesabiwa kuwa na watu kama 2,400 katika mwaka 2020, lakini ifikapo Januari nyumba za magurudumu hulifunika jangwa mpaka upeo wa macho, na soko la mawe ya thamani hufunguliwa. Usiku huwashwa mioto midogo, na watu ambao mwaka jana hawakujuana hupikiana chakula.

Katika makaburi ya mji huo kuna jiwe la ukumbusho lililojengwa kwa umbo la piramidi, na juu yake pamewekwa sanamu ya ngamia. Ni kaburi la Hadji Ali, mzaliwa wa milki ya Waturuki, ambaye wenyeji waliposhindwa kulitamka jina lake walimwita Hi Jolly. Habari yake ni hii. Mwaka 1855 Baraza Kuu la Marekani lilitoa dola 30,000 ili jeshi linunue ngamia wa kuchukua mizigo katika jangwa, na mwaka uliofuata merikebu ikawashusha ngamia 34 katika pwani ya Texas. Hadji Ali alikuja pamoja na wanyama hao ili awatunze. Mwaka 1857 ngamia walitumiwa katika safari ya Edward Beale ya kupima njia ya magari mpaka mto Colorado. Walistahimili kiu na mizigo kuliko nyumbu. Lakini farasi na nyumbu waliwaogopa, askari hawakuwapenda, na vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza mwaka 1861 shauri lote likatupwa. Ngamia wakauzwa na wengine wakaachwa wazurure. Hadji Ali alibaki katika nchi hiyo mpaka alipofariki mwaka 1902. Ukumbusho wake ulijengwa mwaka 1935, na msafiri apumzikaye chini yake yafaa akumbuke kwamba aliyelijua jangwa hilo mapema alikuwa mgeni kutoka mbali.

NCHI YA WANAVAJO

Anayetoka Arizona kwenda New Mexico kwa njia ya kaskazini hupita katika nchi ya Wanavajo, ambayo ni kubwa kupita ardhi za makabila yote mengine ya wenyeji wa asili katika Marekani. Ni zaidi ya maili za mraba 27,000. Huko ardhi si ya umma kama ile ya Quartzsite. Ina wenyewe, na mgeni hana ruhusa ya kupiga kambi penye nafasi tu. Sharti aombe kibali. Hata saa hubadilika. Arizona haisogezi saa zake wakati wa majira ya joto, lakini Wanavajo huzisogeza, na Wahopi, ambao nchi yao imezungukwa na nchi ya Wanavajo, hawazisogezi. Msafiri asiye na habari huweza kukosa miadi mara mbili kwa siku moja.

Katika mwaka 1864 jeshi la Marekani liliwafukuza Wanavajo katika nchi yao, likawalazimisha kutembea zaidi ya maili 300 mpaka mahali paitwapo Bosque Redondo, na wengi walikufa kwa njaa, baridi na magonjwa. Mwaka 1868 walifanya mapatano na serikali, wakarudi kwao. Mpaka leo Mnavajo akijitambulisha kwa desturi hasemi kwanza kazi yake wala mji wake. Hutaja ukoo wa mama yake, maana ndio ukoo wake yeye. Kisha ukoo wa baba yake. Kisha koo za babu zake wawili. Wageni wawili wakitajiana hivyo huweza kugundua kwamba wao ni ndugu, na mara moja mazungumzo hubadilika. Mzee wa kizungu ambaye amekwenda maili 2,000 kuwatafuta jamaa zake, akiyasikia hayo, hupata jambo la kufikiri njiani.

Tena kuna jambo la maji. Nyumba nyingi katika nchi hiyo hazina bomba, na watu huyachota maji mbali wakayaleta kwa mapipa ndani ya magari yao. Kwa msafiri, tangi la galoni 40 ni somo la miezi michache. Kwa mama wa Kinavajo mwenye kondoo na watoto, ni maisha ya kila siku.

JOTO NA MTO UPUNGUAO

Hatari ya kwanza ya jangwa ni joto. Kuanzia mwisho wa Juni mpaka mwisho wa Julai mwaka 2023, mji wa Phoenix ulipata siku 31 mfululizo ambazo joto lilifika digrii 110 za Fahrenheit au zaidi, yaani kama 43 za Sentigredi. Katika wilaya ya Maricopa, ambamo mji huo umo, watu 645 walihesabiwa kuwa wamekufa mwaka huo kwa sababu zinazohusu joto. Wengi wa waliofia ndani ya nyumba, mashine yao ya kupoza hewa ilikuwa imeharibika au haikuwapo. Nyumba ya magurudumu ina kuta nyembamba; mashine ikizimika mchana wa Julai, hugeuka tanuri. Ndiyo sababu ndege wa theluji huondoka mapema. Lakini wapo wasioondoka, kwa kuwa hawana pengine pa kwenda. Baada ya msukosuko wa fedha wa mwaka 2008 watu wengi walipoteza nyumba zao, na baadhi yao, hata wenye umri wa kustaafu, waliingia katika magari wakazunguka wakitafuta vibarua. Kwa macho wanafanana na wastarehe. Jioni huegesha kando kwa kando. Tofauti hujulikana mwezi wa Juni.

Hatari ya pili ni maji yenyewe, ijapokuwa nchi ni kavu. Kati ya Juni na Septemba huja mvua za ngurumo, na korongo ambalo asubuhi lilikuwa mchanga mtupu huweza kujaa kwa dakika chache, hata kama mvua imenyesha mbali milimani. Tangu mwaka 1995 jimbo la Arizona lina sheria kwamba dereva apitaye kizuizi akaingia katika njia iliyofurika, aweza kutozwa gharama za kuokolewa kwake.

Hatari ya tatu ni ya wote. Miji na mashamba ya nchi hiyo huutegemea mto Colorado. Mapatano ya mwaka 1922 yaliwagawia maji watu wa majimbo saba, lakini kipimo kilichotumiwa kilitokana na miaka ya mvua nyingi, hivyo maji yaliyoahidiwa yalizidi yaliyomo. Bwawa la Hoover lilimalizika mwaka 1935, kimo chake futi 726, nalo likafanya ziwa Mead. Katika Julai 2022 ziwa hilo lilishuka kuliko wakati wowote tangu lilipojazwa, na juu ya miamba kukaonekana mstari mpana mweupe, alama ya mahali maji yalipokuwa zamani. Mwaka 2021 serikali ilikuwa imetangaza upungufu kwa mara ya kwanza, na mwaka uliofuata wakulima wa Arizona ya kati walipoteza sehemu kubwa ya maji yao, wakaacha mashamba bila kupanda. Wazee huusimamisha msafara wao penye bwawa ili wajukuu waone. Mwenye busara huwaonyesha ukuta wa saruji, kisha huwaonyesha na ule mstari mweupe.

NYAYO ZA KALE

Huko New Mexico, mahali paitwapo White Sands, kuna vilima vya mchanga mweupe kama chumvi, navyo vimeenea maili za mraba 275. Kando ya vilima hivyo wataalamu walichunguza nyayo za binadamu zilizohifadhiwa katika udongo, wakatangaza habari zake mwaka 2020. Mtu mmoja alipita hapo zaidi ya miaka 10,000 iliyopita, akitembea upesi katika matope, mwendo wa kama maili moja. Mahali pengine nyayo ndogo za mtoto huonekana kando ya zake, kisha hupotea, kwa kuwa alimbeba tena. Baadaye mtu huyo alirudi kwa njia ile ile bila mtoto. Huenda alimfikisha kwa mtu. Kati ya kwenda na kurudi, mnyama mkubwa jamii ya tembo alizikanyaga nyayo zake. Kwa hiyo safari ya kuvuka nchi hiyo kwa ajili ya jamaa si jambo lililoanza na petroli.

SIKU YA UFUNGUO

Lakini kila safari ya namna hii ina siku yake ya mwisho, nayo ndiyo izungumzwayo kidogo kuliko zote. Macho ya mzee hupungua nguvu. Mkono huchelewa kufunga breki. Siku moja huikosa njia aliyoipita mara 10. Mwana huona alama mpya ya kugonga ubavuni mwa nyumba, wala haulizi. Binti humwuliza mama jikoni kwa sauti ya chini. Kumnyang'anya mzee ufunguo ni kumvunjia heshima, na kumwachia ni kuhatarisha roho yake na za wengine barabarani.

Jamaa wenye hekima hawangoji siku hiyo. Hulizungumza neno hilo mapema, mzee angali na nguvu za kuamua mwenyewe: kwanza aache kuendesha usiku, kisha aache miji mikubwa, kisha amwachie mwana usukani naye aangalie ramani. Na wapo ambao mwishowe waliiegesha nyumba ile nyuma ya nyumba ya mtoto wao kwa mara ya mwisho, wakaondoa magurudumu, wakapanda maua mbele ya mlango. Hapo mzee si mgeni tena, na jembe analoshika ni la shamba lake. Wanaochelewa kuzungumza huzungumzia hospitali. Jambo hili ni la Wamarekani, lakini kila mwenye baba mzee na mwenye watoto walio mbali ataona kwamba yafaa lisemwe mezani kabla halijasemwa barabarani.